Jamaa Zetu wa Ng'ambo ya Ziwa

Tunapoadhimisha historia ya hekalu letu, yafaa tuwakumbuke pia jamaa zetu walioishi Uganda, kwani mapito yao na yetu ni uzi mmoja.

Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, Wagujarati wengi walivuka ziwa kwa stima. Hawakwenda kama watu wasio na pa kufikia. Kijana aliitwa na mjomba au mtu wa kijiji chao, akalala dukani, akajifunza kushika daftari, kisha akapewa mali kauli akafungue duka lake mbele zaidi. Muljibhai Madhvani alifika Uganda mwaka 1908, akaanzia katika biashara ya jamaa zake. Mwaka 1930 alikuwa na kiwanda cha sukari huko Kakira. Dhamana ilikuwa jina la ukoo. Aliyevunja ahadi Jinja, sifa zake mbaya zilifika Mombasa kabla yake, na binti zake wakakosa wachumba.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, nao wakapewa siku 90. Mimi nilikuwa mtoto, Nakuru. Mama na wenzake walikesha katika jiko la hekalu wakipika tepla, mkate udumuo safarini, na kufunga achari. Abiria waliotoka Kampala kwenda Mombasa hawakuruhusiwa kushuka, basi tuliwapitishia chakula madirishani. Mzee mmoja alimpa baba noti zilizofungwa kitambaani, akamtajia mfanyabiashara wa mjini kwetu. "Bhai, mfikishie. Sitaki kuvuka bahari na deni lake." Mali yote ilikuwa imempotea, ila jina lake hakukubali lipotee.

Hata hivyo, historia haina budi kusemwa yote. Vikapu vyetu vilibebwa usiku ule na wachukuzi Waafrika, wala hawakudai ujira. Watu kama hao baba zetu hawakuwapa mali kauli hata siku moja. Kamba iliyotuokoa sisi, kwao ilikuwa ua. Hilo halihalalishi dhuluma ya Amin, lakini laeleza kwa nini wengi walitazama kimya tulipoondolewa.

Vijana wetu wamerithi maduka pamoja na majina. Basi nawaomba: siku mtakapompa mtu mali kwa kumwamini, msimuulize kwanza ni wa ukoo gani.