Benchi la Mbare

Kishona kina neno kufungisisa: kuwaza kupita kiasi. Kwao kufunga ni kufikiri tu, lakini mimi nikilisikia namwona mtu aliyefungwa kamba.

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi ya wanyonge mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza nyumba, riziki au vyote viwili. Mwaka uliofuata Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kazi Mbare, Harare. Vyumba havikuwepo, wauguzi wamezidiwa. Alipata bibi 14 na benchi nje ya zahanati.

Bibi husikiliza kwanza. Kati ya shida zote mgeni huchagua moja, wakatafuta hatua inayowezekana, akaijaribu, akarudi kusimulia. Ni tawi la tiba ya utambuzi na tabia: mtu akianza kutenda, kamba hulegea.

Utafiti uliochapishwa 2016 ulihusu watu 573. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya waliokaa benchini. Waliopata huduma ya kawaida, nusu.

Mwanzoni liliitwa Benchi la Afya ya Akili. Watu wakalipita. Mabibi ndio waliosema liitwe Benchi la Urafiki.