Nyumba Zilizotembea: Mke, Mume na Mbwa Katika Njia ya Ugogo

Msafara uliotoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ulikuwa na watu 356. Vitabu nilivyofundishia vilimtaja mmoja, Henry Morton Stanley, na vyenye bidii zaidi viliongeza Wazungu wenzake watatu: ndugu wawili Frank na Edward Pocock, na Frederick Barker. Lakini hesabu aliyoiandika Stanley mwenyewe ina wanawake 36 na watoto wa kiume 10, wa familia za wakubwa wa msafara na za wabebaji wa mashua iliyosafirishwa vipande vipande. Walikuwamo pia mbwa watano kutoka Uingereza. Krismasi iliwakuta Zingeh, huku kwetu Ugogo, mvua ikinyesha na chakula kimeadimika.

Nimefundisha historia shule za Mpwapwa na Dodoma mpaka nilipostaafu, na nilichelewa kuuliza swali ambalo mwanamke yeyote aliyewahi kufunga safari na mumewe angeanza nalo: wale 36 walifanya nini kila jioni msafara ulipotua? Jibu limenibadilishia historia yote ya njia ya kati, ile ya misafara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Tulizoea kuiona kama njia ya wanaume, pembe za ndovu na mgeni mmoja mwenye kofia. Ilikuwa pia njia ya watu na wake zao, waliovunja nyumba alfajiri na kuijenga upya alasiri, leo huku, kesho kule, miezi mitatu mfululizo.

Mnyamwezi aliyeshuka pwani na pembe begani mara nyingi hakuja peke yake. Mkewe alimfuata akiwa na sufuria au chungu, vibuyu vya maji, ngozi ya kulalia, unga, na pengine mtoto mgongoni. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi kaya hizi zilivyokuwa uti wa mgongo wa kazi ile. Mpagazi mwenye mke hakuhangaika kusaga mtama baada ya kutua mzigo wa ratili sitini au sabini. Wanawake wengine walibeba mizigo ya ujira wao wenyewe, wengine wakapika pombe na kuuza chakula kambini. Wasio na wake walikula pamoja kwa makundi, na ndani ya kundi walipangiana kuni, maji na moto kama ilivyo nyumbani.

Mume wangu aliendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Singida kwa miaka mingi. Alipostaafu tulinunua Haisi kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, fundi seremala wa Chang'ombe akatutengenezea kitanda chenye droo chini, na tukaanza kuteremka pwani kila msimu wa kiangazi. Mbwa wetu wawili, Simba na Popi, twende nao au tubaki nao, maana hakuna wa kumwachia. Gesti hazipokei mbwa, kwa hiyo tunalala garini. Hifadhini mbwa ni marufuku, kwa hiyo Saadani tunaiona kutokea kijijini, si ndani ya hifadhi. Kabla ya kuondoka tunapita kwa daktari wa mifugo kuchukua cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikiwa nimeketi nje ya gari na jiko la mkaa, nasubiri maji yachemke huku mzee akizungusha tochi kuangalia matairi, ndipo nilipoanza kuwaza kazi za jioni katika kambi za zamani. Maandishi ya wasafiri wa kale nimeyasoma upya kutoka hapo, nikitafuta moshi wa jikoni.

Humo nikawakuta Halima na Ntaoeka. Halima alikuwa mpishi wa David Livingstone na mke wa Amoda. Ntaoeka aliolewa safarini na Chuma, mtumishi wa Livingstone. Livingstone alifariki mwaka 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, na shule zetu hufundisha kwamba Chuma na mtumishi mwenzake Susi waliibeba maiti yake hadi pwani. Ni kweli, nao walistahili sifa kubwa kuliko waliyopewa. Lakini Halima na Ntaoeka walitembea umbali uleule. Walipokuwa wametoka Unyanyembe, karibu na Tabora, kuelekea pwani, msichana aitwaye Losi, wa miaka kama kumi, aliumwa na nyoka akiwa na mtungi wa maji, akafa, akazikwa njiani. Februari 1874 msafara ukafika Bagamoyo. Losi alikuwa mtoto wa kundi lile, na alikufa akiwa kazini. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikaenda kuwapa kuku mtama, kwa sababu sikuweza kuendelea.

Sasa nije Ugogo, maana hapa ndipo maji yalipoamua kila kitu. Msafara ukitoka Mpwapwa ulishuka Chunyo, mahali ambapo maji yana chumvichumvi hata leo, kisha ukakabili Marenga Mkali, nyika kavu isiyo na kisima mpaka ufike vijiji vya Ugogo. Hapo walitirikeza: waliondoka jua likishapita utosini, wakatembea hadi giza, wakalala bila maji ila yale ya vibuyuni, wakaamka kabla ya mapambazuko na kuendelea. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871 na tena 1874, Verney Lovett Cameron mwaka 1873, na wote walililalamikia eneo hili. Aliyejaza vile vibuyu Chunyo, akavipimia watu usiku ule na kujua lini aseme basi, kalamu zao hazikumtaja. Mimi najua ni nani hupima maji katika nyumba ya Kigogo mwezi wa Oktoba.

Mbele ya Marenga Mkali walikuta hongo, yaani malipo ya kupita. Wasafiri wa Kizungu wamewaandika watemi wa Ugogo, hasa Magomba wa Kanyenye, kama wanyang'anyi wa vitambaa na shanga, na wanafunzi wangu walinijia na maneno hayohayo kutoka vitabuni. Nakataa. Visima vya Ugogo havikuchimbwa na Mungu. Vilichimbwa kwa majembe na mikono katika mchanga wa makorongo, vikafukuliwa upya kila kiangazi, na ng'ombe wa mwenye kisima walisubiri zamu. Msafara wa watu mia tano ukija na punda, kisima cha kijiji kizima kinakauka kwa siku moja. Mtama na uwele uliouzwa kwa msafara ni chakula kilichotoka katika kilindo cha mtu, katika nchi ambayo mvua ikikosa mwaka mmoja watu wanahama. Mwenye nyumba akidai malipo kwa wageni wengi kiasi hicho, anafanya kazi ya mwenye nyumba. Wapagazi wenyewe walilielewa hilo, ndiyo maana Wanyamwezi waliendelea kupita kizazi baada ya kizazi, wakijua waamkie vipi na wampe nani. Mbukwenyi! Salamu hiyo ya Kigogo ilifungua milango mingi ya tembe.

Na mbwa? Wageni wengi walikuja nao kwa ajili ya ulinzi wa hema. Stanley mwaka 1871 alikuwa na mbwa aitwaye Omar, aliyekufa kwa ugonjwa wa tumbo kwenye mlango wa Ugogo, hasa pale alipomhitaji. Cameron alikuwa na Leo, mbwa mkubwa mwenye manyoya yaliyotimka. Kati ya wale watano wa 1874, Bull ndiye aliyevumilia hadi mwaka 1876. Mzungu akishangaa kwamba mbwa wake anakufa, pembeni yake walikuwapo mbwa wa Kigogo, wembamba, rangi ya vumbi, wanaolala langoni mwa zizi na kubweka fisi akiwa bado mbali. Hawa walizaliwa na nchi hii. Simba wetu ni wa ukoo huo, alitoka Mvumi kwa shangazi yangu akiwa mdogo, na joto la Chalinze halimtishi. Popi, aliyetoka Dar es Salaam akiwa na damu ya kigeni, huhema tangu Gairo.

Watu walijaribu kuleta nyumba ya magurudumu kabla yetu sana. Mwaka 1876 Roger Price, mmisionari wa London Missionary Society aliyezoea magari ya kukokotwa na ng'ombe huko Bechuanaland, Botswana ya leo, alipima njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa akiwa na ng'ombe wake, akarudi na matumaini. Kusini mwa Afrika familia za wamisionari ziliishi miezi ndani ya magari yale, turubai juu, vitanda ndani. Mwaka 1877 Price na wenzake wakaja na magari. Wakati huohuo Alexander Mackay wa Church Missionary Society alikuwa akifyeka barabara ya maili zipatazo 230 kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akajaribu tembo: wanne kutoka India waliteremshwa Msasani na kutembezwa bara. Mmoja alikufa Mpwapwa.

Kwa hiyo Annie Hore alipopita mwaka 1884, akifuatana na mumewe, baharia na mmisionari Edward Hore, na mtoto wao Jack aliyekuwa bado mdogo sana, kiti chake cha magurudumu kilining'inizwa kwenye miti na kubebwa mabegani. Safari ya kutoka Saadani hadi Ujiji iliwachukua karibu miezi mitatu. Akaishi kisiwa cha Kavala katika Ziwa Tanganyika, akafundisha wasichana, na mwaka 1886 kikatoka kitabu chake kuhusu safari hiyo. Nampenda kwa sababu anaandika kama mama: maziwa, joto, kivuli, mtoto amelala au hajalala. Ila kila hatua ya kivuli kile ilikanyagwa na mguu wa mtu mwingine.

Na siwezi kuwaandika wenzi hawa bila kuwataja waliopita njia hiyohiyo wakiwa wametenganishwa. Mateka waliovutwa kwa minyororo na kongwa shingoni walikuwa nao wake, waume na watoto, ila mnunuzi alimchagua mmoja akamwacha mwingine. Mkataba wa Zanzibar wa Juni 1873 ulifunga soko na biashara ya baharini, huku bara utumwa ukiendelea kwa miaka mingi. Katika kambi moja, chini ya mbuyu mmoja, mke wa mpagazi alikoroga ugali wa mumewe, na hatua chache pembeni mwanamke mwingine hakujua wa kwake yuko upande gani wa nchi.

Reli ilimaliza yote haraka. Wajerumani walianza kujenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Chunyo ikabaki kando, Kilimatinde ikapitwa na treni iliyopanda mteremko wa Saranda kwenda Manyoni. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa tatu na ushee.

Serikali yetu iliiweka njia ya kati katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Chunyo haimo. Ningeiongeza kabla ya kitu kingine chochote, na ombi langu kwa wanaohusika na mambo ya kale ni kibao kimoja pale penye maji, kwa Kiswahili na Kigogo, kinachosema ni nani waliochota maji katika njia hii, kikianza na wanawake 36 wa mwaka 1874, na chini yao Losi, mwenye mtungi.