Ulaya Mbili: Rapu ya Kiswahili, Kumbi za Mbali na Tatizo la Ushahidi wa Kihistoria

Katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ipo kata iitwayo Ulaya. Kata hiyo imo katika jimbo la Mikumi, ambalo mwaka 2015 lilimchagua Joseph Haule, yaani msanii Profesa Jay, kuwa mbunge kwa tiketi ya CHADEMA. Katika makala haya, jina hilo lenye maana mbili linatumika kupambanua hadhira mbili za rapu ya Kiswahili: inayoyaelewa maneno yake, na ile ya bara la Ulaya inayoisikia katika kumbi za usiku bila kuyaelewa. Makala yanadai kwamba kusikika mbali si ushahidi wa kueleweka.

Hali ya kusikia bila kuelewa ilianzia nyumbani. Katika miaka ya 1980, vijana wa Dar es Salaam walipoisikia rapu ya Marekani katika kumbi za disko, wengi walivutwa na mdundo kabla ya maneno, kwa kuwa Kiingereza cha mitaa ya New York kilikuwa kigeni kwao. Mwaka 1991 Saleh Jabir alianza kuliziba pengo hilo alipoghani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa "Ice Ice Baby". Katika miaka iliyofuata, uzito wa maneno ulikuwa kipimo kikuu cha ubora wa msanii.

"Ndio Mzee", wimbo wa Profesa Jay katika albamu ya Machozi Jasho na Damu (2001), ni mfano bora. Unamkejeli mwanasiasa anayemwaga ahadi zisizotekelezeka mbele ya umati unaoitikia tu. Msikilizaji wa Mikumi aliyewahi kuhudhuria mikutano ya kampeni hakuhitaji kufafanuliwa kejeli hiyo. Mtunzi aliposimama jukwaani kuomba kura mwaka 2015, wapiga kura walikwisha kupewa naye lugha ya kumhoji.

Nje ya nchi mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine. Mwaka 2004 kampuni ya Out Here Records ya München ilitoa mkusanyo wa Bongo Flava: Swahili Rap from Tanzania, na mwaka huohuo ikatoa Maasai Hip Hop ya kundi la X Plastaz. Studio na redio zilizotawala muziki huu zilikuwa Dar es Salaam, lakini kundi lililopewa albamu yake lilitoka Arusha. X Plastaz walichanganya rapu ya Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat Ole Meipoko. Sauti hiyo ilimwonyesha msikilizaji wa mbali mahali ilikotoka bila mkalimani. Kejeli ya "Ndio Mzee" isingeweza kufanya hivyo.

Hatari kwa mtafiti imo hapa. Kaseti zilizosikilizwa vijijini zinachakaa na kutupwa, ilhali diski za kampuni za nje, pamoja na maelezo yake, huhifadhiwa. Atakayeanzia kwenye diski hizo ataona yaliyovuka bahari kuwa ndiyo yaliyokuwa na uzito nyumbani. Waliokuwa vijana mwaka 2001 katika kata ya Ulaya wangali hai, na kumbukumbu zao hazina budi kurekodiwa sasa, kabla diski hazijabaki kuwa shahidi pekee.