Jiwe la Kijani na Wala Shaba wa Katanga

Tuwaulizapo wanafunzi wetu shaba ya Katanga ilianza kuchimbwa lini, wengi hujibu upesi: mwaka 1906, ilipoundwa Union Minière du Haut-Katanga. Jibu hili hatuna budi kulisahihisha, maana lawanyima wahunzi wa kale haki yao.

Tuanze na jiwe lenyewe. Yapata miaka milioni 800 iliyopita, bahari ya kina kifupi ilifunika sehemu za nchi hiyo. Mchanga, tope na chokaa vilitua tabaka juu ya tabaka, vikashindiliwa hata vikawa miamba. Maji ya chumvi yaliyopenya humo yaliacha shaba iliyoungana na salfa. Baadaye ardhi ilikunjwa na kuinuliwa. Mvua na hewa vikaila miamba ya juu. Shaba ikaachana na salfa, ikaungana na hewa ya ukaa, ndipo likapatikana jiwe la kijani kibichi liitwalo malakiti.

Hilo ndilo walilolitafuta wakale. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, walijenga matanuri kwa udongo wa kichuguu, wakatia mkaa na mawe, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Kwa kuwa malakiti haina salfa, moto wa mkaa ulitosha kuitoa shaba. Waliisubu katika kalibu za misalaba. Misalaba ya namna hiyo imefukuliwa katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, na mingine ina umri uliozidi miaka 500. Haikuwa alama ya Ukristo, bali mali. Na ile midogo ilitumika kama fedha.

Karne ya 19 Wayeke walitoka Unyamwezi wakatawala huko chini ya Msiri, aliyeuawa mwaka 1891. Nao walifua nyaya za shaba. Njia za misafara yao zikawa pia njia za Kiswahili; na toka 1971 hadi 1997 jimbo zima liliitwa kwa neno la lugha yetu: Shaba.

Basi, walimu wenzetu, tufundishapo maneno kusubu, kalibu, kuvukuta na mhunzi, tusiyaache yawe orodha ya msamiati tu. Tuwaeleze wanafunzi mikono iliyoyatenda. Walioitwa "wala shaba" hawakuitafuna shaba. Walikula jasho lao.