Kaburi la Bwana wa Mkuki

Katiba ya mpito ya Sudan Kusini, iliyoanza kutumika Juba mwaka 2011, inazitaja mila na desturi za wananchi kuwa chanzo kimojawapo cha sheria. Katiba hiyohiyo, ibara ya 11, inalinda uhai wa kila mtu. Sasa kwa kuwa nchi kadhaa zimekwisha kumruhusu mgonjwa asiyepona asaidiwe kufa kwa hiari yake, yuko atakayesema kwamba jambo hilo si geni kwetu, Wadinka walikuwa nalo tangu zamani. Walikuwa na kitu kinachofanana nalo, ni kweli, ila mfanano huo unapotosha.

Mwanaanthropolojia Godfrey Lienhardt, aliyeishi na Wadinka mwishoni mwa miaka ya 1940, alikusanya masimulizi ya maziko ya beny bith, bwana wa mkuki wa kuvulia samaki, ambaye ndiye kuhani wa ukoo. Mzee alipoona nguvu zinamwishia, aliwaita watu wake akawaambia wakati umefika. Kaburi lilichimbwa, fahali akachinjwa, naye akashushwa shimoni akiwa hai huku watu wakiimba. Aliendelea kusema nao kutoka humo. Alipoacha kuitikia, ndipo wakamrundikia samadi ya ng'ombe. Kumlilia kulikatazwa. Mtu wa kawaida akifa, wei, yaani pumzi ya uhai, humtoka. Beny bith angeachwa afe hivyo, uhai wa ukoo, wa watoto na mifugo, ungeondoka naye.

Utawala wa Waingereza na Wamisri uliipiga marufuku desturi hiyo. Wapo wanaosema haya ni maneno ya kusikia tu, kwani Lienhardt mwenyewe hakushuhudia maziko hayo. Hilo halikatai mtu. Lakini masimulizi aliyopewa yanakubaliana katika mambo ya msingi, na hata mwenye shaka juu ya tendo lenyewe atakiri kuwa yanaonyesha kifo gani kilihesabiwa chema. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mzee aliomba mwenyewe. Basi hiari si ilikuwepo? Ilikuwepo, tena ya heshima kubwa. Tazama lakini nani alimzunguka. Katika jimbo la Victoria, Australia, sheria iliyoanza kutumika 2019 inamtaka mgonjwa aombe mara tatu, apimwe na madaktari wawili, isionekane dalili ya kushinikizwa, na aweze kughairi saa yoyote. Kanuni zote hizo zinamkinga mtu mmoja na haja za waliomzunguka. Beny bith alizungukwa na watu walioamini kwamba uhai wao umo katika kaburi lake. Angeghairi vipi? Wala maumivu yake hayakuwa sababu. Mwanamke wa kawaida aliyeteseka kwa ugonjwa hakuwa na sehemu yoyote katika desturi hiyo.

Kwa hiyo atakayeitafuta sheria ya kumsaidia mgonjwa kufa katika mila hiyo hataipata, na mimi naona mgonjwa wa Juba ana dai la kutangulia: atulizwe maumivu kwanza, asije akachagua kifo kwa kukosa dawa. Hilo linawezekana, na mfano uko jirani. Nchini Uganda, Hospice Africa Uganda ilianza kutoa mofini ya kunywa mwaka 1993. Kutoka Juba hadi mpakani Nimule ni kilomita zipatazo 190, na ng'ambo ya mpaka huo, tangu 2004, muuguzi aliyefunzwa tiba shufaa anaruhusiwa kumwandikia mgonjwa dawa hiyo.