Kuhamisha fomula za Excel kwenda DAX

Kuhamisha fomula za Excel kwenda DAX ni kuandika upya hesabu za lahajedwali katika lugha ya fomula ya Microsoft iliyotoka na Power Pivot ya Excel 2010, na ambayo sasa hutumika pia katika Power BI na Analysis Services. Funsheni nyingi zina majina yaleyale (SUM, IF, AVERAGE), na hapo ndipo wageni hujikwaa. Excel huhesabu kwa seli, kama =B2*C2. DAX haina seli. Ina majedwali na safuwima, kama Mauzo[Bei].

VLOOKUP hugeuka RELATED, mradi majedwali yameunganishwa kwa uhusiano. SUMIF huwa CALCULATE yenye SUM na sharti ndani yake. Kujumlisha mazao ya safuwima mbili kunahitaji SUMX, kwa kuwa SUM hupokea safuwima moja tu: SUMX(Mauzo, Mauzo[Idadi] * Mauzo[Bei]) hupita kila safumlalo, huzidisha, kisha hujumlisha. Ikiwekwa kama kipimo (measure), jibu lake hubadilika kwa kila kichujio cha ripoti, uwe mwezi au mkoa.

Kigumu zaidi ni salio endelevu, =D1+C2, linalotegemea safumlalo ya juu yake. Afadhali kuifuta fomula hiyo na kuanza upya kuliko kuilazimisha. Jedwali la DAX halina juu wala chini. Panahitajika safuwima ya tarehe au namba za mfuatano, ili CALCULATE yenye SUM ijumlishe kila kiasi hadi tarehe au namba husika.