Mshika Mpini wa Mashtaka

Mwaka 1976 baadhi ya wanasiasa wa Kenya walipita mikutanoni wakidai Katiba ibadilishwe, ili Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, asikalie kiti cha urais kwa siku 90 Mzee Kenyatta akifariki. Mnamo Oktoba, Charles Njonjo alitoa taarifa fupi: kuwazia kifo cha Rais ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kunyongwa. Kampeni ikapoa. Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Moi aliapishwa siku hiyo hiyo.

Njonjo ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa zama zile. Alikuwa wakili wa serikali, aliketi na mawaziri, na ndiye aliyeamua nani ashtakiwe. Kifungu cha 26 cha Katiba kilimruhusu kufungua kesi, kuitwaa iliyofunguliwa na mwingine, au kuizima wakati wowote kabla ya hukumu. Kwa maandishi, hakuna aliyeweza kumwamuru. Ila mteja wake mkuu alikuwa ndiye aliyemteua.

Mwaka 1986 Bunge likamvua Mwanasheria Mkuu hata ile kinga ya kutofutwa ovyo, na miaka miwili baadaye majaji nao wakavuliwa. Kinga ilirejeshwa 1990. Mwaka uliofuata akaja kwenye wadhifa huo Amos Wako, mtu wa tabasamu lisilokauka, aliyedumu miaka 20 chini ya Rais Moi na kisha Rais Kibaki. Kinga, basi, haikuwa dawa ya kila kitu. Mei 2005 shtaka la mauaji dhidi ya mwenye ranchi Tom Cholmondeley, kuhusu kifo cha askari wa wanyamapori Samson ole Sisina, liliondolewa mahakamani, na Wamaasai wakaandamana kwa hasira. Muda si mrefu Philip Murgor, aliyesimamia mashtaka chini ya Wako, akafutwa kazi. Bosi wake akabaki.

Katiba ya 2010 ilimtenganisha Mwanasheria Mkuu na mwendesha mashtaka. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma sasa huidhinishwa na Bunge, hupewa miaka 8 isiyoongezwa, na hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Waandishi wa Katiba walidhani hatari ni kufukuzwa. Kupandishwa cheo hawakukuwekea kizuizi. Mkurugenzi wa kwanza chini ya Katiba hiyo, Keriako Tobiko, aliingia 2011 na kuondoka 2018 akawe waziri. Mrithi wake, Noordin Haji, aliitwa 2023 kuongoza idara ya ujasusi, miaka yake 8 ikiwa bado haijafika.